Kidamka na Diski ya Mama Mkwe

Tangu nimjue, mama mkwe wangu hajawahi kurudisha chombo kitupu. Kwetu Mbinga nasi adabu hiyo tunayo. Jirani akikuletea maharage kwenye bakuli, huwezi kulirudisha hivi hivi, utatia hata mahindi mawili ya kuchemsha ndipo uvuke ua. Lakini huyu mama wa kule chini ziwani, karibu na Liuli, amepitiliza. Nikimtumia ndoo ya maharage, ndoo inapanda na usipa mkavu, vidagaa vya kule ziwani. Nikimtumia kahawa kwenye chupa ya chai, chupa inarudi imejaa karanga. Mwaka tuliofunga ndoa nilisahau mwavuli kwake. Kondakta wa basi alipouleta, mvua ilikuwa inanyesha, nikaufungua pale pale stendi mbele za watu, malimao yakanimwagikia kichwani. Mwavuli, jamani! Nani alimwambia mwavuli ni chombo?

"Mama akishakiona kina uwazi ndani, kwake hicho ni chombo," mume wangu alisema, huku anaokota malimao kwenye tope na kucheka mpaka anashika mbavu. Mimi nilikuwa nimenuna. Nilikuwa bibi harusi mpya, nywele zimetengenezwa, na limao moja lilikuwa limenipiga puani. Baadaye nikacheka pia, kwa sababu kwa kweli ukimwoa mtoto wa mama yule, au ukiolewa naye, huna namna nyingine ya kuishi.

Ningekumbuka malimao yale vizuri, haya ninayosimulia yasingetokea.

Kazi yangu ni kompyuta. Nina chumba nyuma ya duka la vitambaa la mzee mmoja Mwislamu ambaye babu yake alipanda huku akitokea Kilwa, na mpaka leo mzee huyu analalamikia baridi ya Mbinga kana kwamba ameshuka jana. Anavaa koti zito na kofia ya sufu, kikombe cha tangawizi hakimtoki mkononi. Kila asubuhi nampa shikamoo yake, ananiitikia marahaba, halafu tunaanza kutaniana mpaka jioni. Kule nyuma ninatengeneza kompyuta za masomo kwa ajili ya shule zisizo na intaneti. Ni kompyuta moja ndogo, ndani yake vitabu, video na mazoezi yote, wanafunzi wanafungua bila bando. Zangu zimefika Litumbandyosi, zimefika Liparamba, zimeshuka mpaka ufukweni.

Kichomi changu kilikuwa diski. Ninazoletewa ni za misaada na za kuokoteza, hakuna mbili zinazolingana. Hii kubwa, ile ndogo, nyingine imechomolewa kwenye laptopu iliyomwagiwa soda kwenye kipaimara. Sasa mfumo wangu wa Linux, yaani programu inayoiendesha kompyuta nzima, niliufanya mwembamba makusudi, ili uingie hata kwenye ile ndogo kuliko zote. Ukiuweka kwenye diski kubwa, unakaa pembeni kama mgeni aliyekalia ncha ya kiti, na nafasi yote iliyobaki inalala bure. Kila mara ilinibidi nikae niigawe ile diski kwa mkono, nifute mipaka, nichore mingine, niuvute mfumo ujae. Na mimi kazi ya kurudia rudia inanipandisha hasira. Nikirudia jambo lile lile kuanzia asubuhi, mchana ukifika hata nzi akipita namsema.

Ndipo nikaandika kijiprogramu. Kompyuta ikiwashwa kuna kipindi kifupi ambacho mfumo wenyewe haujaamka, mashine imefumbua jicho moja tu, inapapasa ijue ina nini na haina nini. Kwenye mwanya huo kijiprogramu changu, kinachokaa na mfumo kwenye kadi ndogo ndani ya kompyuta, kinaamka peke yake. Kinaitafuta diski, kinaipima, kinafuta mipaka ya zamani, kinachora mipya, kinaitanua nafasi mpaka ukuta wa mwisho. Halafu ndiyo kinauita mfumo: ingia, nyumba iko tayari. Nikakipa jina, Kidamka, kwa sababu alikuwa anadamka kabla ya wenzake wote.

Siku Kidamka alipofanya kazi kwa mara ya kwanza niliruka. Haki ya nani niliruka, na mimba yangu ya kwanza ilikuwa imeshakuwa kubwa. Nilitia diski ndogo, akaijaza. Nikatia diski kubwa, akaijaza. Sikugusa hata kitufe! Nikapiga vigelegele peke yangu mle chumbani, mzee akaja mbio na mkasi wake wa vitambaa mkononi.

"Uchungu umeanza?"

"Hapana mzee! Inajipanua yenyewe! Naiwasha tu, inajipima, inajipanua yenyewe!"

Mzee akaitazama kompyuta, akanitazama tumbo.

"Binti, hilo nalo si jambo jipya. Hilo lako la mbele limeanza kujipanua lenyewe tangu mwezi wa Ramadhani, wala hatukupiga vigelegele."

Nilicheka mpaka ikanibidi nikae kwenye boksi. Siku zile kila kitu kilikuwa kinanichekesha. Nilikuwa naamka nikicheka, nakula nikicheka, mume wangu anasema ni mimba, mimi nasema ni Kidamka.

Mwanzoni Kidamka alikuwa na adabu. Kabla hajakata alikuwa anauliza kwenye kioo: "Yaliyomo kwenye diski yatafutwa. Una uhakika?" Kumbe nilikuwa najitafutia balaa. Mwalimu mkuu wa Litumbandyosi akanipigia simu, pumzi juu juu. "Fundi, kompyuta yako inaniuliza kama nina uhakika. Uhakika wa nini? Nimekosea nini?" Nikamwambia bonyeza ndiyo. Akasema hawezi kubonyeza ndiyo kwa jambo asilolijua, yeye ni mtumishi wa serikali. Mwingine aliizima kabisa, akaifunika kitambaa cha meza mpaka nilipopita mwenyewe. Nikachoka. Nikaliondoa lile swali, nikamwacha Kidamka na imani moja tu, kwamba kila diski anayokabidhiwa ni tupu. Si mimi ndiye ninayeichomeka? Nani mwingine angetia kitu humo?

Sasa nije kwa mama mkwe.

Alikuwa na tezi ya shingo. Kwa miaka aliifunika kwa mtandio, mpaka ikaanza kumbana pumzi, na hospitali kubwa wakasema lazima itolewe. Daktari alikuwa muungwana, akamwambia mapema kwamba sehemu ile iko jirani na sauti, na huenda sauti isirudi kama ilivyokuwa. Tezi haikumtisha. Kisu hakikumtisha. Lakini sauti! Huyu ni mwalimu mstaafu na kiongozi wa kwaya, akiita mtoto mmoja ufukweni watoto wa kijiji kizima wanaitika. Wajukuu wake wote amewabembeleza yeye, kwa nyimbo zake za Kinyasa, na hajawahi kumwachia mtu kazi hiyo. Wangu ndiye alikuwa bado tumboni. Mama alinipigia simu akanieleza hofu yake bila kuzunguka.

"Mwanangu, sitaki huyu azaliwe akute bibi yake ni bubu."

"Mama, hutakuwa bubu. Utazungumza."

"Kuzungumza anaweza yeyote. Mimi nasema kumwimbia."

Nilimwambia Mungu yupo, tukaachana hapo, na nililia kidogo kwenye usukani wa pikipiki ya mume wangu kabla ya kuingia ndani.

Wiki zile nilikuwa nimempelekea ndoo ya maharage, na juu ya maharage, kwenye mfuko, diski yangu moja kubwa ya kubeba mkononi yenye masomo ya sayansi. Ilikuwa ya shule ya kijijini kwake, maana pamoja na kustaafu bado anawafundisha watoto mchana. Wakishamaliza kunakili, airudishe. Siku chache kabla hajaenda hospitali, ndoo ikapanda. Nikaifungua, mama yangu wee, usipa! Usipa mpaka juu, umekauka vizuri, umetiwa chumvi ya kiasi, harufu ya ziwa ikajaa nyumba. Mjamzito aliyekaa kwenye ukungu wa Mbinga akala mchicha mwezi mzima, unamletea ndoo ya usipa! Nilikula nimesimama, usipa unaingia tu. Diski niliikuta katikati, imeviringishwa kwenye kipande cha kanga. Nikaifuta, nikainusa, nikaiweka rafu ya juu kule kazini.

Nikampigia nikamshukuru. "Mama, umerudisha chombo kimefurika!"

"Umeona?" akasema, kwa furaha kabisa. "Basi ndiyo hivyo. Utanikumbuka."

Mimi nikajua anazungumzia usipa.

Upasuaji ulikwenda salama. Mume wangu alimwona, akarudi akasema shingo imelala vizuri, mama anakula uji, ila amekatazwa kuzungumza kwa muda. Na sauti? Mume wangu akatikisa kichwa. Alijaribu neno moja, jina la mwanawe, likatoka mkwaruzo mtupu.

Siku ya kisanga mwalimu mkuu wa Liparamba alikuwa amekuja kuchukua kompyuta ya shule yake. Alipata lifti ya gari linalorudi mchana, hivyo hakuwa na nafasi ya kusubiri. Nikaiwasha nimwonyeshe, diski ikatoa mlio wa kusaga mahindi, ikafa. Nilitukana kwa Kimatengo, namshukuru Mungu mwalimu yule si Mmatengo. Nikatazama huku na huku, nikaiona ile diski ya kubeba kule juu. Masomo yake ninayo nakala, kwa hiyo haina kazi. Nikaichomeka, nikamwambia mwalimu, "Tazama, mwalimu, raha ya hii ni kwamba sigusi kitu." Nikawasha.

Kidamka akaamka. Maandishi yangu yakaanza kushuka kwenye kioo, na mimi nimesimama nimeshika kiuno, najidai. Diski imeonekana. Diski imepimwa. Mipaka ya zamani imefutwa.

Simu ikalia mlio wa ujumbe. Ulikuwa wa mama mkwe. Huandika ujumbe kama anaandika ubaoni, na nukta zote mahali pake.

"Mwanangu, hamjambo na baridi. Mbona hujaniambia kama nyimbo zinasikika vizuri? Nilizirekodi kabla ya kwenda hospitali, mwalimu wa zamu akanisaidia kuzitia kwenye diski yako. Sikuweza kuirudisha tupu. Kule kwenye kinasa sauti zimeshafutwa, cha kwaya kile, kinatumika. Mtoto akizaliwa mwimbie kwa sauti yangu ile, maana hii niliyobaki nayo haifai kumbembeleza mtu."

Nikainua macho. Kwenye kioo Kidamka alikuwa ameandika: Mipaka mipya imechorwa. Nafasi imetanuliwa mpaka mwisho. Mfumo unaanza kuingia.

Yesu na Maria! Nilishika waya wa umeme nikaung'oa kwa mikono miwili, soketi ikatoka na plasta ya ukuta. Kule dukani nikasikia kikombe cha tangawizi cha mzee kikianguka. Mwalimu mkuu akasimama akabana mkoba wake kifuani.

"Fundi, kuna nini?"

"Nimemfuta mama mkwe!" nikasema, nikakaa chini sakafuni na tumbo langu, nikalia kwa sauti. Sikulia kwa adabu, nilibweka. Malimao yalinijia moja kwa moja. Ndoo ilirudi na usipa, sawa, hiyo ilikuwa haki ya ndoo. Diski nayo ilikuwa chombo, ikapewa haki yake, na mimi kwa ulafi wangu nikala ya chombo kimoja nikaona nimemaliza vyote viwili.

Mzee alikuja, akasimama mlangoni na koti lake. Nikamweleza kwa kwikwi. Akasema astaghfirullah, halafu akauliza swali la mfanyabiashara.

"Vimechukuliwa, au vimepangwa vibaya?"

Nikaacha kulia. Swali lilikuwa zuri kuliko kilio changu. Nikajifuta pua kwa sketi, nikaanza kumweleza, na kadiri nilivyomweleza ndivyo nilivyozidi kupata akili. Kidamka alichofuta kwanza ni mipaka. Mtu akipita shambani akang'oa mipaka yote, hujui tena wapi kwa nani, lakini mahindi bado yamesimama. Kuna sehemu Kidamka alishapigilia nguzo zake, hapo mahindi yamekufa. Na mfumo ulikuwa ndio kwanza unaanza kuingia pale mwanzoni. Kwingine kote, kama hatutaandika tena hata nukta, huenda bado vipo.

"Basi inuka uvune," mzee akasema.

Niliichomeka ile diski kwenye laptopu yangu kwa masharti makali, kusoma tu, kuandika marufuku. Nikawasha programu ya kutafuta, ambayo haijali mipaka wala majina, inatembea kwenye diski hatua kwa hatua toka mwanzo, ikikuta kitu chenye sura ya sauti inakiokota. Ubaya wake ni kwamba majina yanapotea. Vitu vinatoka uchi, kimoja kimoja, na masomo ya sayansi yote yalikuwemo humo humo. Ilibidi tusikilize.

Gari la mwalimu mkuu likapiga honi. Akatoka, akazungumza na dereva, akarudi.

"Nimemwambia aende. Nitapanda la kesho."

"Mwalimu, usijisumbue."

"Fundi, ninaondokaje hapa?" akasema, akavua koti akavuta kiti. "Mimi nataka kujua mwisho wake."

Tukasikiliza. Kitu cha kwanza kilisema mmea hujitengenezea chakula. Cha pili, chura. Cha tatu, mmea tena. Mume wangu akafika kutoka kiwanda cha kukoboa kahawa, maganda yamemjaa kwenye nywele, akatukuta tumeinamia spika ndogo watu watatu, nje mvua inapiga bati.

Nikamwambia ukweli hapo hapo, kwa sababu mimi siwezi kutunza jambo, litanipasua.

"Mume wangu, nimemfuta mama yako."

Akasoma ule ujumbe. Akausoma tena. Akakaa kwenye jora la kitenge, na uso wake ulibadilika nikaogopa. Halafu akapumua.

"Mama yangu hafutiki," akasema. "Wamejaribu wengi. Leteni hiyo spika huku."

Tukaendelea. Tukapata kuku! Kuku wanalia nyuma, uwanja wa nyumbani, mume wangu akaruka, "Ni nyumbani! Jogoo wa mama huyo, namjua!" Tukashikana mikono. Sauti ya mwanaume ikasema, "Dalili za kideri kwa kuku ni hizi zifuatazo." Mwalimu mkuu alicheka mpaka miwani ikaanguka. Mzee akasema jogoo huyo bora angekufa mapema. Mimi nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja, na mtoto anacheza tumboni kwa fujo. Umeme ukakatika, laptopu ikaendelea kwa chaji, hakuna aliyethubutu kuisogelea.

Mara, kikohozi.

Kikohozi tu. Halafu sauti nzito, safi, ya mwanamke aliyezoea kusikika mpaka dawati la nyuma: "Haya. Imeanza? Hii nyekundu inawaka?" Sauti ya mtu mwingine ikamjibu, "Inawaka, mama, imba." Na nyuma yao, ziwa linapiga mchanga.

Akaimba.

Kinyasa ninakielewa kwa kuchomoachomoa tu, lakini wimbo ule ulikuwa unamwambia mtoto kwamba baba yake amekwenda ziwani na atarudi, na samaki mmoja ni wake peke yake. Mume wangu alijifunika uso kwa mikono yake yenye maganda ya kahawa. Mzee wa Kilwa alitazama chini. Nikasema mtoto ametulia, anasikiliza, naapa anasikiliza. Mume wangu akasema ameshiba usipa tu, lakini alisema huku machozi yanamtoka.

Tukazipata moja baada ya nyingine, na kila moja inaanza na swali lile lile la taa nyekundu. Zote nzima, isipokuwa moja. Ile Kidamka alikuwa ameipigilia nguzo katikati. Mama anaimba vizuri, sauti inapanda, inafika juu kabisa, halafu kat! Neno limekatwa nusu. Nikatafuta nusu ya pili kwa kila njia ninayoijua. Haikuwepo.

Siku iliyofuata nilimtafutia mwalimu mkuu diski nyingine, akaondoka amefurahi kuliko alivyokuja, anapiga mluzi wimbo wa Kinyasa. Nami nikakaa na Kidamka, tukawekana sawa. Siku hizi kabla hajakata anachungulia. Akikuta chochote anasimama na kuandika: "Ndani kuna kitu cha mtu. Mpigie fundi." Wananipigia kila wiki, wananikatisha chakula, na ninapokea kila simu. Tena nimemkataza kujaza mpaka ukutani. Kila diski anaacha kipande mwishoni, hakigusi. Wenzangu wa kazi wananicheka, wanasema ni kupoteza nafasi.

Mtoto alizaliwa wa kike, na sauti alikuwa nayo. Tulimlaza na nyimbo za bibi yake tangu siku ya kwanza. Zote alizipenda, analegea, anafumba macho. Ile moja iliyokatika ndiyo ikawa vita. Nikijaribu kuiruka, mume wangu ananikatalia, anasema na hiyo ni ya mama. Basi mtoto anasikiliza, anasikiliza, wimbo unapanda, kat! Anafumbua macho, anatutazama mmoja mmoja kama hakimu, halafu anapiga ukelele ambao mzee anausikia dukani. Nilijaribu kuumalizia mwenyewe kwa ulimi wangu wa Kimatengo. Alilia zaidi.

Mama mkwe alipanda kutuona alipopata nguvu. Alishuka kwenye basi na ndoo ya usipa, mtandio safi shingoni. Nikapiga goti, "Shikamoo mama." "Marahaba," akasema, na ndipo nilipoisikia ile sauti mpya mwenyewe. Ilikuwa mkwaruzo, nene, ya upepo mwingi. Alimpakata mjukuu wake akamtazama kwa furaha, akamnusa, akamgeuza geuza, lakini hakumtolea hata neno. Mtoto alipoanza kusinzia, mama akaninong'oneza, "Mwekee yule wa kwenye diski. Huyo ndiye bibi yake."

Ilinichoma. Nikaziweka zile nyimbo.

Alisikiliza sauti yake ya zamani macho ameyaelekeza dirishani. Wimbo ukaisha, ukaja mwingine. Halafu ukaja ule. Mimi na mume wangu tukatazamana. Ukapanda, ukapanda, kat! Mtoto akafumbua macho, akakunja uso, akavuta pumzi ya kupigia ukelele.

Na mama mkwe akaendelea. Hakufikiri, alikasirika tu kwamba wimbo umeachwa njiani, akalidaka lile neno mahali lilipokatikia na kulimaliza kwa ule mkwaruzo wake, akaenda na ubeti wote, akirukaruka pale sauti ilipomkwama, huku anampigapiga mtoto mgongoni. Mtoto akabaki mdomo wazi. Akamtazama bibi yake shingoni, mahali sauti ilipokuwa inatoka. Akafunga mdomo, akalegea, akalala.

Mama akainua uso.

"Kwa nini ulikatika?" akauliza.

Nikamweleza yote, Kidamka, Liparamba, kuku wa kideri, soketi iliyotoka na plasta. Nilipofika kwenye usipa akanikatisha.

"Yaani ulikula usipa ukaona diski nimeirudisha tupu? Mimi?"

"Mama, nisamehe."

Alicheka. Kicheko nacho kilikuwa cha mkwaruzo, na kilikuwa kirefu, mume wangu akacheka, mimi nikacheka kwa kujibana mdomo ili mtoto asiamke. Halafu akajifuta macho kwa mtandio, akaitazama ile diski iliyokuwa imelala mezani pembeni ya laptopu.

"Humo ndani kuna nafasi imebaki?"

"Ipo, mama. Niliiacha."

Akajiweka sawa kwenye kiti, mtoto kifuani, nami nikawasha cha kurekodia nikamsogezea. Akakohoa kidogo.

"Hii nyekundu inawaka?"

"Inawaka, mama," nikasema. "Imba."